Motokaa Iliyofika



Mwezi huu twajibu swali tuliloulizwa barazani hapa Kasense na vijana, baada ya sala ya alasiri. Walisema: "Maalim, je, ni vibaya kuzipenda motokaa za Kijapani za mashindano za zamani, zile Datsun na Celica, na kutamani kumiliki moja?" Wazee waliokuwapo walicheka, na mmoja akasema huo ni upuuzi mtupu. Walakini swali la kijana halijibiwi kwa kicheko, kwani kijana aliyechekwa huenda kuuliza penginepo.

Jibu letu la kwanza ni hili: kuipenda kazi iliyofanywa kwa ustadi si kosa. Watu wa Ufipa ndio hasa wawezao kulifahamu jambo hili. Wazee wa nchi hii waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo, kisha wakakisafisha mara ya pili katika tanuru dogo, ndipo wakafua majembe na mashoka. Basi mtu anayekistaajabia chuma kilichofuliwa vyema hana lawama. Lakini na ajue anachokistaajabia ni nini.

Tutwae mfano wa Datsun 240Z, motokaa ya viti viwili na injini ya silinda 6, ya ukoo uliotolewa na Nissan mwaka 1969. Umbo lake lapendeza, hapana shaka. Lakini sehemu kubwa ya sifa yake ilipatikana katika vumbi na tope la Afrika Mashariki.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa zaidi ya 80. Zilizofika mwisho ni 7 tu. Nissan nao waliingia mwaka huo, wala hawakushinda. Mwaka 1966 walipata ushindi wa daraja lao, na ushindi mkuu ukaja mwaka 1970, pale Edgar Herrmann na Hans Schüller walipoiendesha Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 watu hao wawili walishinda tena, safari hii kwa 240Z. Mwaka 1973 alishinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, nao wakiwa katika 240Z. Mehta alishinda tena miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, kwa Datsun za namna nyingine. Kisha Toyota Celica ikashika zamu mwaka 1984, 1985 na 1986.

Tazameni basi, enyi vijana: tangu kuingia hadi ushindi mkuu ilipita miaka 7. Na ushindi wenyewe haukuwa wa kelele, ulikuwa wa kufika. Springi ziliimarishwa, injini ikakingwa kwa bamba la chuma upande wa chini, na mafundi wakangoja njiani na matairi na vipuri. Motokaa iliyokwenda kasi kuliko zote, kisha ikavunjika ekseli mtoni, haikuandikwa miongoni mwa washindi.

Hata thamani ya leo yatokana na utunzaji. Toyota 2000GT zilitengenezwa 351 tu, baina ya 1967 na 1970, na mwaka 2013 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1. Uchache peke yake haukuipa bei hiyo. Gari adimu lililooza ni chuma chakavu. Lenye thamani ni lile ambalo mtu amelifuta, amelitia mafuta na kulihifadhi miaka hamsini. Na tangu mwaka 2003 yamefanywa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambamo Datsun za miaka ile zimeonekana tena zikikimbia. Hizo zinakwenda kwa sababu kuna walioshughulika nazo.

Lakini twaona nini kwa baadhi ya vijana wetu? Anapata gari kuukuu, analikata springi lilale chini, hali zile za Safari ziliinuliwa juu. Analiondolea kizuia mlio katika bomba la moshi, wagonjwa na watoto wakose usingizi. Kisha hulikimbiza katika lami ya kwenda Tunduma, mahali wapitapo wanafunzi na wakulima wenye baiskeli. Huyu hakuipenda motokaa. Aliupenda mlio wake.

Katika kijiji kimoja cha uwanda huu twamjua kijana aliyeuza maksai wawili wa babaye, mvua zikiwa karibu, akaenda Dar es Salaam kununua Celica ya zamani. Gari lilifika nyumbani likivutwa kwa kamba. Kipuri kimoja hakikupatikana, nalo likakaa chini ya turubai. Mvua ziliponyesha, mama yake na dada zake walilima kwa jembe la mkono, na mahindi ya mwaka ule hayakutosha. Kijana yule si mwovu. Alipenda kitu kizuri kabla ya kutimiza kilicho wajibu.

Kwa hiyo twawapa mizani tatu. Kwanza, chakula cha nyumbani, ada ya watoto na deni la watu vitangulie. Kinachobaki ndicho cha kufurahia, na bila israfu. Pili, jifunze ufundi kabla ya kununua. Nenda kwa fundi, shika spana, ujue kufungua injini na kuifunga. Asiyeweza kuitunza pikipiki ya baba yake hataweza kuitunza Datsun ya mwaka 1971. Tatu, roho za watu ni amana. Safari za zamani zilipita katika barabara zilizokuwa wazi kwa kila mtu, na leo mashindano kama hayo hufungiwa barabara. Usiifanye njia ya watoto wa madrasa kuwa uwanja wako.

Nanyi wazazi, msiwavunje moyo. Mtoto anayeijua injini kwa jina la kila kifaa chake ana mlango wa riziki mikononi. Muulizeni akijuacho, kisha mpelekeni penye kufundishwa.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu, na kila msafiri amfikishe salama.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.