Laptopu Yako Iko na Linux, Sawa. Lakini Mpaka Lini?

Wasee wa Garsen na Tana River yote, leo tuongee kuhusu hizi laptopu zetu za mtumba.

Windows 10 iliacha kupewa sapoti ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi tulizo nazo huku haziwezi kubeba Windows 11, kwa hivyo watu wameanza kuhamia Linux. Naunga mkono kabisa. Ni bure na ni programu huria: yeyote anaweza kuona ndani ilivyoandikwa.

Shida iko kwa flashi ya fundi. Anakuwekea kile alicho nacho, na kama alicho nacho ni Ubuntu 20.04, basi ndiyo hiyo. Sasa cheki: sapoti ya kawaida ya Ubuntu 20.04 iliisha Mei 2025. Yaani umetoka nyumba ambayo soja aliacha kazi Oktoba, ukahamia nyumba ambayo soja aliondoka Mei. Na pesa umelipa.

Najua utasema, "Lakini si inafanya kazi?" Inafanya, na hapo ndipo tunapokosea. Sisi watu wa Tana tunajua mto ukihama mkondo, kijiji hakianguki siku hiyo. Nyumba zinabaki zimesimama, watu bado wanapika. Ila maji hayaji tena. Programu isiyo na sapoti iko hivyo hivyo: itawaka kila asubuhi kama kawaida, ila marekebisho ya usalama hayaji.

Na kwa programu huria kuna jambo moja zaidi. Watengenezaji wakiziba tundu kwa toleo jipya, kazi yao iko wazi kwa wote. Mwizi naye anaisoma. Anaona tundu lilikuwa wapi, halafu anatafuta mashine za zamani ambazo hazijazibwa. Fikiria mashine ya cyber: picha za vitambulisho vya watu, PIN za KRA, paswadi za eCitizen. Huyo mama aliyekuja kufanyiwa "returns" hajui hata kompyuta inatumia nini. Hatari ni yake.

Kwa hivyo usiulize tu "hii ni ya zamani?" Zamani si kosa. Uliza, "Inaangaliwa mpaka lini, na nani?"

Ubuntu ni rahisi, jina lenyewe linakuambia. 22.04 ni mwaka 2022, mwezi wa 4. Zile zinazotoka Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili zina alama ya LTS na hupata miaka 5. Kwa hivyo 22.04 iko sawa mpaka 2027, na 24.04 mpaka 2029. Hizo zingine, kama 23.10, hupata miezi 9 tu. Mpya si lazima idumu. Na kama umekwama na 20.04, kuna Ubuntu Pro, bure kwa mashine 5 za mtu binafsi, inayokuongezea miaka mingine 5. Debian nayo hupata miaka 3, halafu kikosi kingine kinaibeba 2 zaidi: Debian 12 ya Juni 2023 inafika Juni 2028.

Lakini tarehe ni ahadi, na ahadi huvunjwa. CentOS 8 ilitoka 2019 na watu waliambiwa itafika 2029. Desemba 2020 wakatangaziwa mwisho ni 31 Desemba 2021. Kaka yake CentOS 7, aliyezaliwa 2014, akaishi mpaka 30 Juni 2024. Mdogo alitangulia kuzikwa. Ndiyo maana nasema angalia pia nani anaibeba na kama ana sababu ya kuendelea.

Wengine hawahesabu miaka, wanahesabu matoleo. DHIS2, mfumo huria uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, ndio Kenya ilianza kutumia nchi nzima mwaka 2011 kukusanya ripoti za hospitali na zahanati. Watengenezaji wanasapoti matoleo matatu ya karibuni. Ukikaa tu bila kusonga, matoleo mapya yanakusukuma nje. Kwa hivyo kaunti yoyote ikisema imepata mfumo wa bure, tuulize: bajeti ya kuuhamisha kila baada ya muda iko wapi? Bure ni kuupata. Kuutunza si bure.

Najua bando ni ghali. Faili ya Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, si mchezo. Lakini fundi mmoja akiishusha mara moja, inazunguka kwa flashi mtaa mzima, na sheria za programu huria zinaruhusu. Hapo ndipo umaskini wa bando unatufundisha akili: chagua inayodumu, usihangaike kila miezi 9.

Na kwenu mafundi: mkate una tarehe, dawa ina tarehe. Laptopu je? Ukimaliza kuweka, chukua maka, andika chini ya mashine: "Ubuntu 24.04, mwisho 2029." Dakika moja tu. Na wewe mteja, kama hajaandika, usitoe pesa bado.