Matembezi: Mji wa Kale wa Mombasa

Wasomaji wapenzi wa Kitui na Makueni, wengi wenu hufika Mombasa kwa kazi au kuoga baharini, kisha hurudi bila kuuona Mji wa Kale. Nasikitika, kwani Mombasa ilikuwa makao makuu ya serikali hata mwaka 1905, yalipohamishiwa Nairobi. Kabla ya hapo misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka huko pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga.

Wageni hukimbilia Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, nayo yastahili kuonwa. Lakini mimi napenda zaidi vichochoro vya nyuma yake. Shikeni Ndia Kuu (ndivyo Wamvita waitavyo njia) mkatazame milango ya nakshi na roshani za mbao, mpaka Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kuwa wa mwaka 1570. Wanawake wakipita, wapisheni. Wala msipige picha pasipo ruhusa, maana hapo ni nyumbani kwa watu.

Nyumba kadhaa zaharibika. Kuta ni za mawe ya matumbawe na dari ni za boriti. Mwenye nyumba asiye na fedha hutia saruji, au huuza mlango. Simlaumu, ila mlango ukishauzwa haurudi.

Nasi je? Stesheni ya Sultan Hamud ina jina la Sultani wa Unguja aliyeizuru reli mwaka 1898. Ni wangapi wapitao hapo waliokwisha kuwaeleza watoto wao?