Tafuta Makanika Kwanza, Gari Baadaye

NJE YA LAMI
Na Rehema Chebet

Mvua ikishika Uasin Gishu, gumzo la magari hubadilika. Waliokuwa wakisifia gari jinsi linavyoteleza kwenye lami ya Uganda Road sasa wanauliza bei ya Prado, Pajero na Land Cruiser. Wana sababu. Ukitoka hapa Munyaka, Eldoret, kwenda kutazama mahindi Moiben, au ukishuka kutoka Iten kwenda kwa wazee Bonde la Kerio, lami huisha kabla ya safari. Ila swali wanalouliza, "Gari gani lina nguvu?", ndilo linalowaponza. Mimi ningeuliza hivi: likizima Jumapili jioni kule Kapsowar, nani atalifungua, na spea itatoka wapi?

Gari la foo-wili lisilotengenezeka kijijini ni gari la mjini lenye matairi makubwa, basi.

Chukua Land Cruiser za msururu wa 70, ambazo Toyota ilianza kuzitoa mwaka 1984 na ambazo pikapu zake huunganishwa papa hapa Kenya, Mombasa. Injini yake maarufu, 1HZ, ni ya dizeli, lita 4.2, silinda sita, haina turbo wala kompyuta ya kuamrisha pampu. Nguvu zake ni kama farasi 130, haba kwa injini ya ukubwa huo, na ukipanda mteremko wa Tambach na mzigo wa viazi utapitwa na matatu. Lakini injini isiyokamuliwa hudumu. Polisi wanayo, wahifadhi wa wanyamapori wanayo, mashirika ya misaada yanayo, kwa hiyo spea zimejaa madukani na makanika walioijulia kazi ni wengi. Kasoro yake ni bei. Hata ikizeeka, mwenyewe hashuki.

Ukikosa hela hizo, utaambiwa ununue Prado. Hapo uliza injini kabla ya kuuliza rangi. Zile za miaka ya tisini zenye 1KZ zinatengenezeka, ila zikichemka silinda hedi hupasuka, basi anza na rejeta. Zilizofuata, zenye 1KD, zina nguvu na hazinywi sana, lakini nozeli zake huongozwa na kompyuta na hazivumilii dizeli chafu. Serikali ilipoweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka 2018, ilikuwa inawaandama wanaoyachanganya na dizeli. Injini ya zamani hukohoa ikinyweshwa mafuta yaliyochakachuliwa, kisha ikaendelea na safari. Nozeli ya kisasa hufa, na kuibadilisha kunaweza kumaliza karo ya muhula.

Kuna jambo jingine. Kanuni za shirika la viwango, KEBS, haziruhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kanuni hiyo ina faida zake, lakini maana yake ni kwamba mitumba inayoshuka Mombasa leo ni ya kompyuta, na mengi ya magari yale sahili tunayoyasifu ni yale yaliyokwisha kupigwa na barabara zetu. Kwa hiyo ukaguzi ndio kila kitu.

Juzi nilimtazama makanika mmoja hapa Munyaka akikagua Pajero inayong'aa, mnunuzi kasimama kando na mkoba wake. Hakufungua boneti. Alijilaza chini na bisibisi, akaanza kugonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kililia vizuri mpaka karibu na springi za nyuma, ambapo mlio uligeuka butu na bisibisi ikazama ndani ya kutu iliyofunikwa kwa rangi nyeusi. Kisha akalegeza nati ya difu, na oili ikatiririka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. "Mama, hapa unauziwa rangi," akasema. Mnunuzi akafunga mkoba.

Ukaguzi huo haukuhitaji mashine. Nawe mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugonjwa wa asubuhi. Likinguruma, fungua kifuniko cha oili: moshi ukipumua kwa kishindo, ringi zimechoka. Tia foo-wili gea ya chini kwenye udongo, si kwenye lami, usikie kama inashika. Kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye logbuku, na uthibitishe mwenyewe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kabla ya kutoa hata shilingi.

Na sasa nitawaudhi wengine: wengi wenu hamhitaji foo-wili. Tazama Probox zinavyobeba maziwa na kabichi kwenye njia ambazo Prado huzipita kwa madaha. Ziinue kidogo springi, zivike matairi ya matope, na karibu kila kijana mwenye spana Munyaka ataweza kuzirekebisha. Kama njia yako hufungika siku chache tu za mwaka, siku hizo panda boda au uahirishe safari.

Lakini kama kweli unaishi kwenye matope, usimalize pesa zote kwa muuzaji. Mwenye milioni moja na nusu anunue gari la milioni na laki mbili. Zile laki tatu ni za mkanda wa taimingi, bushi, breki, matairi na oili ya difu zote mbili, kazi ya wiki ya kwanza, hata kama muuzaji ameapa kwamba gari halina shida.