China haijibiwi kwa vitisho

Basi litokalo Turiani kwenda Morogoro mjini hupita kwenye miwa ya Mtibwa na majaruba ya mpunga ya Mkindo, likatokea Dumila kwenye barabara kuu ya Dodoma. Mbele yake ni Dakawa, na abiria wengi huipita bila kujua kwamba mataifa ya kigeni yamekuwa yakishindana hapo kwa miongo kadhaa. Korea Kaskazini ilisaidia kuanzisha kituo cha utafiti wa kilimo kilichoitwa Cholima. China ikajenga kituo cha kuonyesha teknolojia za kilimo, kikafunguliwa mwaka 2011. Fedha za Marekani, kupitia shirika lake la misaada, USAID, zikakarabati skimu ya umwagiliaji ya wakulima wadogo wa mpunga.

Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID. Hakuna Mchina aliyeisukuma nje.

Wakati huo huo, wilayani Kilosa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha China wamekuwa wakifanya kazi katika kijiji cha Peapea tangu mwaka 2011. Hawakuanza na matrekta. Walianza na mambo ambayo mkulima mwenye jembe la mkono anayamudu: nafasi kati ya shina na shina la mahindi, idadi ya mashina katika eka, palizi inayofanyika kwa wakati. Wanaouliza kule Washington, London na Berlin namna ya kukabiliana na China inayozidi kupata nguvu wangefaa kulitazama kwanza shamba hilo. Anayerudi kila msimu husikilizwa kuliko anayetoa onyo.

Tanzania ililiona hilo mapema. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliibana kwa misaada kwa sababu ya uhusiano wake na Ujerumani Mashariki, na Mwalimu Nyerere akakataa kupangiwa marafiki. Desemba mwaka huo alivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa Waingereza wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Benki ya Dunia nayo ilikwisha kusema reli ya kwenda Zambia haitalipa. China ikakubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba, na kati ya 1970 na 1975 reli ya kilomita 1,860 ikajengwa, ikipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Baadhi ya Wachina waliofia kwenye kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto. Mzee wa Ifakara aliyeyaona hayo kwa macho yake hawezi kuaminishwa kwa hotuba moja ya balozi kwamba Beijing ni adui.

Hata hivyo shukrani isiwafumbe watu macho. China inatawaliwa na chama kimoja, na mwaka 2018 iliondoa katika katiba yake ukomo wa mihula ya urais. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere huko Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 2022 kwa ufadhili wa Chama cha Kikomunisti cha China, inawafunda makada wa vyama sita tawala vya kusini mwa Afrika, CCM kikiwemo. Hatari iliyopo ni ile tabia ya wakubwa kuelewana wenyewe kwa wenyewe, wananchi wakaja kusikia baadaye. Makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yalitiwa saini mwaka 2013, lakini ni mwaka 2019, Rais Magufuli alipoyakataa hadharani, ndipo Watanzania wengi waliposikia habari ya pango la miaka 99 na dhamana ya miaka 33. Miaka sita ya kimya kwa ardhi ya pwani yao wenyewe!

Wakenya nao walidai kwa miaka mingi kuonyeshwa mikataba ya reli ya SGR iliyojengwa kwa mkopo wa China. Baada ya uchaguzi wa 2022 kuleta serikali mpya, Novemba mwaka huo waziri wa uchukuzi alitoa sehemu ya mikataba hiyo. Kura na shinikizo la wananchi viliwafungulia kabati. Silaha hiyo utawala wa kiimla hauna, na ndiyo ambayo mataifa ya kidemokrasia yanapaswa kuilinda kwanza, kwao na kwa marafiki zao.

Ndiyo maana yaliyotokea Tanzania Oktoba 29, 2025 yanauma sana. Intaneti ilizimwa siku ya kupiga kura, watu waliuawa, na kiongozi mkuu wa upinzani, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini. Mwananchi asiyeweza kuhoji kura yake atauhoji vipi mkataba wa mgeni?

Kwa hiyo mataifa ya kidemokrasia yaache kuilazimisha Afrika ichague upande. Yaahidi miradi ya miaka 15 na kuitimiza, na makampuni yao yaweke mikataba wazi kama yanavyotaka Wachina wafanye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 tayari inampa mwanakijiji sauti katika mkutano mkuu wa kijiji. Madiwani na mbunge wa Mvomero, wilaya ilimo Turiani, waitumie: kabla mwekezaji yeyote, Mchina, Mmarekani au Mwarabu, hajagusa ardhi ya Turiani, mkataba wake usomwe mbele ya mkutano huo, kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu.