Mashine ya presha isubiri

Kijana wa Dar es Salaam anayetaka kusafisha magari kwa kumfuata mteja nyumbani au ofisini mara nyingi huanza kwa kuhangaikia mashine ya presha. Akiipata, nayo inadai tenki la maji, jenereta au umeme wa mteja, na guta au kirikuu cha kubebea mzigo wote huo. Mtaji unakwisha kabla gari la kwanza halijaguswa. Naamini kazi hii ianze na ndoo mbili, madumu mawili ya maji, vitambaa laini vya kutosha, brashi kubwa na ndogo, shampuu ya magari na kopo la nta, vitu vinavyopakiwa kwenye bodaboda. Sisemi hivyo kwa kuwa mtaji ni mdogo tu. Hata mwenye fedha angefanya vyema kuanzia hapo.

Tazama maji. Mashine ndogo ya presha hutoa lita 6 hadi 8 kwa dakika, kwa hiyo dakika 10 humaliza madumu matatu au manne ya lita 20. Anayetumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, huosha gari dogo kwa madumu mawili. Oktoba 2022, ukame uliposhusha maji ya mto Ruvu na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatangaza mgawo, wakazi wengi walikuwa wakihesabu maji ya kupikia. Nani siku kama hizo atamfungulia bomba muosha magari?

Lakini faida yenyewe iko ndani ya gari. Magari mengi tunayoendesha yameletwa yakiwa yametumika Japani, na viti vyake vingi ni vya kitambaa. Kitambaa hicho hunywa jasho, vumbi la barabara za mitaa na maziwa ya mtoto, halafu joto la Dar linavifanya vyote vitoe harufu. Mwenye gari anaweza kuoshewa bodi kando ya barabara kwa bei chee, ila ni wachache wanaomsafishia mikanda, dari, matundu ya kiyoyozi na reli za chini ya viti. Kazi hiyo hula saa nyingi na maji kidogo sana. Tena inataka ujuzi: kiti kikiloweshwa kupita kiasi huota ukungu katika unyevu wa pwani, na chini ya viti vingi hupita nyaya za mifuko ya hewa ya usalama zisizotakiwa kulowa. Kama lazima inunuliwe mashine moja mwanzoni, basi iwe ya kunyonya vumbi na maji. Nje nako mkono ndio unaoamua. Sabuni ya vyombo huondoa nta. Kitambaa kilichoanguka chini hubeba mchanga unaochora rangi, na michoro hiyo huonekana wazi gari likisimama juani. Kwa hiyo kuanza juu ya paa na kushuka, kutenga kitambaa cha matairi na kuosha kivulini ni mambo ya kujifunza kwa wiki kadhaa, na hayahitaji mkopo.

Wapo watakaosema mteja haamini fundi asiye na mashine. Ni kweli kwa mara ya kwanza. Mara ya pili mteja huyo humwita aliyemrudishia gari lisilo na harufu. Hoja nzito zaidi ni ya mikopo: sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba. Kwa nini basi kijana ajinyime? Naitetea mikopo hiyo kwa moyo wote, lakini mkopo usio na riba bado unarejeshwa, na mikopo yenyewe ilisitishwa mwaka 2023 ikarejea 2024. Aliyekuwa akiisubiri ndipo aanze alipoteza muda ambao mwenzake mwenye ndoo mbili aliutumia kukusanya wateja. Kikundi kinachokwenda halmashauri na daftari la wateja wa miezi 6, bei waliyolipa na siku waliyorudi, kina la kuonyesha; chenye ankara ya mashine peke yake kinaomba kuaminiwa.

Siikatai presha. Masika yakiingia, tope lililoganda chini ya gari haling'oki kwa kitambaa, na kulisugua bila kulilainisha ni kuchubua rangi. Daftari likionyesha kwamba wateja wa tope ni wengi na wanarudi, mashine inunuliwe, kwa fedha iliyotoka kwenye viti.