Bunduki ya Marehemu Isiuzwe Kihambani

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa magari ya watu wanaorudi kwao. Kutoka Machame hadi Rombo, nyumba zilizokuwa zimefungwa mwaka mzima hufunguliwa, mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na wazee huwakalisha vijana wao kuzungumza mambo ya ukoo: nani apewe sehemu ipi ya kihamba, deni gani lilipwe, mali gani ya marehemu iuzwe. Katika mali hizo mara nyingine imo bunduki. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, kwani katika urithi wote ni mali ya pekee inayoweza kumwua mtu wakati bei yake ingali inapatanwa.

Jambo lenyewe huanza bila nia mbaya. Mzee alikuwa na leseni yake halali. Alikuwa na bunduki ya marisau ya kufukuzia nyani migombani, au, kwa wale wa tambarare ya Rombo, ya kuwatishia tembo wavukao mpaka kutoka upande wa Kenya. Mzee amefariki. Mwanawe mkubwa anafanya kazi mjini na haitaki, jirani anaitaka. Basi bunduki hutolewa uvunguni, hupanguswa vumbi, na kupitishwa mkono kwa mkono kati ya watu waliokwisha kunywa. Mmoja huipima begani. Mwingine huelekeza mtutu kwenye mgomba na kufyatua ili asikie kama mtambo ungali mzima. Hakuna hata mmoja aliyeifungua kutazama kama mzee aliiacha tupu.

Hapo yamekwisha kutendeka makosa mawili kwa pamoja, moja la sheria na moja la usalama. Kwa upande wa sheria, leseni ilikuwa ya mzee mwenyewe. Haikuwa ya nyumba wala ya ukoo. Alipofariki, hakuna mrithi aliyebaki na haki ya kuikalia silaha ile kimya, sembuse kuiuza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, hairuhusu silaha ihame kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila idhini ya wenye mamlaka. Jirani aliyelipa fedha zake taslimu na kupewa bunduki iliyoviringishwa katika gunia hakununua mali. Amenunua kesi.

Kuhusu usalama, tungependa kusema waziwazi, maana mambo haya hayaandikwi mara kwa mara katika lugha yetu. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejazwa mpaka aliyeishika aone kwa macho yake kwamba ni tupu. Neno la muuzaji, hata kama ni shemeji, halitoshi. Mtutu uelekezwe mahali pasipo mtu, na kidole kikae mbali na kifyatulio. Kwa bastola na bunduki zenye magazini, magazini itolewe kwanza, kisha chemba ifunguliwe na kuchunguzwa. Wengi wamedanganyika kwa kutoa magazini na kuisahau risasi moja iliyokwisha kuingia chemba. Bunduki ikabidhiwe ikiwa wazi, na risasi ziwe mahali pengine kabisa, mfukoni mwa mtu mwingine ikiwezekana.

Gobore lina hila yake. Huwezi kulifungua nyuma ukaona. Wazee waliolijua walitia mdeki mtutuni hadi ulipokoma, wakaweka alama kwa kidole, kisha wakaulaza mdeki huo nje ya mtutu na kupima. Kama alama haikufika chini kabisa, mlikuwa na baruti na marisau ndani. Baruti iliyokaa kavu miaka mingi haijasahau kazi yake. Kijana wa leo hajui kipimo hicho, na asiyekijua asiliguse gobore la marehemu. Aliache lilipo na kuwaita wanaohusika.

Hatari ya pili ni mtu asiyejulikana. Siku hizi wapo wanaopatana biashara kwa simu na kukutana kando ya barabara, mahali patulivu, mmoja na fedha na mwingine na silaha. Wilaya ya Hai haikusahau mwezi wa Agosti 2013, mfanyabiashara mmoja mashuhuri wa tanzanite alipouawa kwa risasi nyingi kandokando ya barabara iendayo Arusha, na kesi ya mauaji hayo ikasikilizwa katika Mahakama Kuu mjini Moshi. Ikiwa kukutana porini kwaweza kumfikisha mtu hapo bila yeye kununua bunduki, tufikirie mkutano ambao bunduki yenyewe ndiyo bidhaa. Tena mnunuzi hajui silaha ile imetoka wapi wala imefanya nini. Ikija kugundulika kwamba ilitumika katika ujambazi, yeye ndiye atakayekutwa nayo.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakauliza Kilimanjaro inawahusu nini. Inawahusu tangu zamani. Bunduki za karne ya 19 zilizowafikia Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho zilipanda mlimani na misafara ya pwani, na soko kuu la pwani lilikuwa Unguja. Wenye misafara walimwuzia kila mangi aliyekuwa na pembe za ndovu, bila kujali jirani yake ameuziwa ngapi. Wajerumani walipofika, walimshinda Sina mwaka 1891. Juni 1892 watu wa Mangi Meli wakawarudisha nyuma na kumwua kamanda wao, von Bülow. Mwaka uliofuata wakarudi kwa nguvu kubwa zaidi. Silaha iliyouzwa visiwani kwa faida ililipiwa na watu waliokuwa mbali sana na duka. Leo njia ni ileile, ila yaweza kwenda upande wowote, na bahari haina geti.

Sasa tuwageukie viongozi. Ni rahisi kumlaumu mwananchi, lakini tujiulize kwa nini mtu mwenye bunduki ya baba yake haendi kituoni. Anaogopa. Anaogopa swali la kwanza litakuwa "umeitoa wapi?" na la pili litaulizwa akiwa mahabusu. Anaogopa kupanda basi kutoka Tarakea akiwa na mtutu katika kiroba. Na kweli asipande. Namna iliyo salama ni kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi, kisha askari waifuate silaha ilipo. Lakini askari na waifuate kweli, wala si baada ya miezi mitatu.

Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa msamaha, ambamo mtu husalimisha silaha isiyo halali pasipo kushitakiwa, na mpango huo umeongezewa muda hadi 2030. Tanzania, iliyo pia katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo ndogo, imekwisha kutangaza vipindi vya namna hiyo. Tunavipongeza. Hata hivyo, aliyechagua Septemba hakuwafikiria Wachagga. Mwezi huo mwenye ufunguo wa nyumba yuko Mwanza au Mbeya, na bunduki iko uvunguni peke yake. Desemba ndipo mrithi, shangazi, mjomba na mnunuzi wote wako kihambani. Visiwani nako ndivyo ilivyo wakati wa Idi, watu wanaporudi majumbani.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi iongeze kipindi cha pili cha msamaha, kuanzia katikati ya Desemba hadi mwanzoni mwa Januari, kwa mkoa wa Kilimanjaro, na siku za Idi kwa Unguja na Pemba. Polisi wapeleke katika ofisi za kata askari anayejua kupakua silaha, pamoja na pipa la mchanga la kupakulia, na karatasi ya kumpa mrithi inayosema silaha imepokewa. Anayetaka kuirithi au kuiuza kihalali aelezwe hapo hapo hatua za kufuata na muda wake. Matangazo yasomwe makanisani, misikitini na sokoni kabla magari ya kwanza hayajafika Moshi.