Hedifoni na Masikio ya Vijana Wetu

Malalamiko ya wazazi wengi ni yale yale: kijana amevaa hedifoni, anacheza mchezo wa kupigana risasi kwenye kompyuta, anaitwa mara tatu na haitiki. Wengi wetu huuona huo kuwa ukaidi. Ni vyema tukatazama pia kinachomfanya aongeze sauti.

Katika mchezo wa Counter-Strike 2, uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2023, hupambana timu mbili za watu watano watano. Anayekimbia husikika vishindo vyake; anayenyata hasikiki. Basi mchezaji hutega sikio ajue adui yu upande gani, na hupandisha sauti yote ili akinase kishindo hafifu. Lakini milio ya bunduki na maguruneti nayo hupanda pamoja na kishindo hicho, na sikio ndilo linaloumia.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: saa 40 kwa wiki katika desibeli 80 kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa mtoto. Kila desibeli 3 zinazoongezeka huukata muda huo kwa nusu. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na mvumo unaobaki masikioni baada ya kucheza ni onyo.

Hatushauri kunyang'anyana hedifoni. Mzazi na aketi na mwanawe, wafungue mipangilio ya sauti pamoja. Muziki wa ukurasa wa mwanzo na wa mwanzo wa raundi uondolewe kabisa, kwani haumsaidii kucheza. Ule wa tahadhari ya sekunde kumi kabla ya bomu kulipuka ubakizwe kidogo. Mazungumzo ya wenzake yana kipimo chake. Yashushwe yasifunike vishindo. Feni na televisheni za chumbani zipunguzwe pia. Mwisho ashushe sauti kuu mpaka aweze kumsikia anayemwita kutoka mlangoni.

Atagundua kwamba mara nyingi vishindo vilifichwa na kelele nyingine, wala si kwa uchache wa sauti.

Masikio ni amana. Tusije tukamlaumu kijana kwa kutosikia la mkuu, kumbe uwezo wenyewe wa kusikia unamtoka tukiwa tunamtazama.